Kadi ya mpiga kura na uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa

Kadi ya mpiga kura pekee haitoshi kumchagua mwenyekiti wa mtaa, ndugu. Kadi hiyo ya INEC, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya Tanzania, inatokana na daftari la kudumu la wapiga kura, la kuchagua rais, wabunge na madiwani. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake wana orodha yao ya wapiga kura, chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, nayo huandikwa upya kila uchaguzi. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa siku 10 tu, Oktoba 11 hadi 20, kura ikapigwa Novemba 27. Jiandikishe kwenye mtaa unaoishi, si ule wenye duka lako. Ukishahamia Tabata, jina lililobaki Mbagala halikusaidii. Orodha ikibandikwa, nenda ukaisome mwenyewe, maana makosa ya majina hurekebishwa wakati huo. Siku ya kura, kadi yako itakufaa kama kitambulisho tu.