Mwenzio anataka kupungua? Mpunguzie kazi kwanza

Wamama wenzangu mliovuka hamsini, hii ni yetu, na niende moja kwa moja maana umri wa kuzunguka zunguka umeshapita. Zile meseji za alfajiri za "amka mrembo leo ni siku ya ushindi", zenye maua na jua linachomoza, sijawahi kuona zimempunguza mtu hata nusu kilo. Nipo kwenye kikundi cha wanawake wa rika letu, tulianza kwa ajili ya kupunguza uzito na sasa tunasaidiana karibu kila kitu, na nilichojifunza humo ni kwamba wanaopungua na wakabaki wamepungua sio wale wenye roho ngumu kuliko wengine. Ni wale waliopata mtu wa kuwashikia mzigo. Mtu wa kukaa na mama mgonjwa ili yeye atoke, mtu wa kumpokea mjukuu shuleni, mtu wa kusema leo hili niachie mimi.

Fikiria mwanamke wa miaka 54 anaishije. Wazazi wamezeeka, wanamtegemea yeye (hata kama wapo kaka watano, wanamtegemea yeye). Watoto wamekua lakini wanarudi na shida zao, wengine wanarudi na wajukuu kabisa. Kazini bado anatakiwa, nyumbani bado anatakiwa, alafu anaambiwa na daktari "punguza uzito mama, fanya mazoezi", sawa daktari, saa ngapi? Hapo ndipo wengi tunapokwama, na mtu akikwama anaambiwa hana nia. Nia anayo sana, ila hana saa moja ya kwake.

Kwetu kuna mama mmoja ambaye mamake alipata kiharusi, upande mmoja haufanyi kazi, hawezi kuachwa peke yake. Huyu alikuwa anakuja kwenye kikundi anasikiliza, anatikisa kichwa, anaondoka, uzito uko pale pale. Watu wakamtia moyo weee mpaka basi. Mwishowe mwenzetu mmoja ambaye haongei sana akauliza tu, "jumanne na alhamisi jioni nikija kukaa na bibi wewe utaenda wapi?" Akajibu bila hata kufikiri, ntatembea. Na kweli akatembea. Wengine tukaongeza siku, tukapanga zamu, na ndani ya miezi kadhaa presha yake ilianza kusikiliza dawa. Hakuna aliyempa maarifa mapya, kutembea alikuwa anakujua tangu zamani.

Ndio maana mimi ile sentensi ya "ukihitaji chochote usisite kuniambia" nimeshaiacha. Tunaisema kwa upendo lakini inamwachia mwenzako kazi ya kuanza kuomba, na mwanamke wa umri wetu hajafundishwa kuomba, atakufa na lake moyoni. Sema kitu chenye siku na saa. "Jumamosi nakuja saa nne mpaka saa sita, nifue au nikae na mgonjwa?" Hapo anachagua tu, haombi. Na yeye siku ikifika atakulipa kwa namna yake, usijali, tena usihesabu sana maana ukianza daftari la nani kamfanyia nani nini kikundi kimekwisha.

Sasa turudi kwenye mwili wenyewe, kwa sababu kuna wanaojilaumu bure. Kukoma hedhi kwa wengi wetu kunakuja kwenye miaka 51 hivi, wengine mapema wengine baadaye, na unahesabiwa umekoma ukipita miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako. Estrojeni, ile homoni ya kike, ikishuka, mafuta yaliyokuwa yanakaa kwenye nyonga na mapaja yanahamia tumboni, ndio maana unaweza usiongezeke kilo nyingi lakini sketi ile ile ikakataa kufunga. Juu ya hapo misuli inapungua na umri, inakadiriwa asilimia 3 mpaka 8 kila miaka 10 kuanzia kwenye miaka 30, na ukipita 60 kasi inaongezeka. Misuli ikipungua mwili unachoma chakula kidogo kuliko zamani, kwa hiyo unakula kile kile ulichokuwa unakula ukiwa na miaka 35 na unanenepa. Sio uchawi na sio uvivu.

Kwa sababu hiyo sisi mizani hatuitukuzi. Mwili unaweza kupanda au kushuka kilo moja au mbili kwa siku kwa sababu ya maji na chumvi tu, sasa mtu akijipima kila asubuhi anaanza siku na majonzi ya maji. Tunapima kiuno kwa utepe, maana mafuta ya tumboni ndio yenye hatari zaidi, na kwa mwanamke kipimo kinachotumika sana ni kwamba ukizidi sentimita 88 hatari ya magonjwa ya moyo na sukari imepanda sana. Na jingine ambalo huwa nalirudia kila akija mgeni, huhitaji kurudi ulivyokuwa siku ya harusi yako. Mtu wa kilo 90 akipungua hata kilo 5 mpaka 9 tu, presha na sukari vinaanza kuonyesha nafuu. Hiyo ndio hesabu yenye maana kwa umri wetu, hizo picha za zamani ziacheni kwenye albamu.

Mazoezi. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu siku 2 au zaidi. Wengi wetu tunaishia kwenye kutembea na hili la nguvu tunaliruka, na ndilo tunalolihitaji zaidi kwa sababu ya misuli na mifupa. Hata jim sio lazima. Kaa kwenye kiti kigumu simama bila kushika kitu, rudia. Sukuma ukuta. Beba chupa za maji. Mkiwa wawili watatu mnacheka mnafanya, mkiwa peke yenu mnakumbuka ghafla kwamba kuna vyombo havijaoshwa.

Na sasa niseme lile ambalo wengi hawalisemi. Kuna wanawake hawafanyi mazoezi kwa sababu wakiruka, wakikohoa, wakicheka sana, mkojo unawatoka. Basi. Sio nia, sio muda, ni aibu. Kwetu lilitoka siku mwenzetu mmoja alipoulizwa kwa nini anasimama pembeni wengine wakirukaruka, akanyamaza kidogo akasema ukweli, na jamani nusu ya waliokuwepo wakasema hata mimi. Miaka yote hiyo kila mtu alidhani ni yeye peke yake, mwingine alikuwa ameshaacha mpaka kunywa maji akitoka nyumbani. Hili lina msaada. Kaza misuli ya chini kama unayezuia mkojo, shikilia sekunde chache, achia kabisa, rudia mara kadhaa, mara tatu kwa siku, ukiwa umekaa hata kwenye foleni hakuna anayejua. Mazoezi haya usiyafanye wakati unakojoa, ile ya kukatisha mkojo iwe ni ya kuitambua misuli tu. Inachukua wiki nyingi, kama miezi mitatu hivi, ndio uone tofauti, na tofauti isipoonekana, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani wa mazoezi ya tiba, anaweza kukuelekeza vizuri zaidi maana wengi tunakaza matako tukidhani ndio yenyewe. Alafu kupungua uzito kwenyewe nako kunapunguza hilo tatizo. Sasa niambieni, meseji yenye maua ingefika hapo?

Kwenye chakula sina mengi, mnajua wenyewe. Protini iwepo kila mlo, mayai, samaki, maharage, chochote unachokiweza, kwa sababu ukipungua bila protini na bila mazoezi ya nguvu unapoteza misuli, na ukirudisha uzito unarudisha mafuta. Sukari ya kunywa ndio ya kwanza kupunguza. Dayeti za njaa kali za wiki mbili achana nazo, mbali na kukutia hasira nyumba nzima zinaweza kukuletea mpaka mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Usingizi je? Joto la ghafla linakuamsha usiku umelowa, unalala vipande vipande, kesho yake njaa haikuachi, maana mwili usiolala homoni za njaa zinapanda na za kushiba zinashuka. Kabla hujamwambia mwenzako ajizuie kula muulize kalala saa ngapi. Na kama joto linamtesa aende kwa daktari, zipo tiba, za homoni na zisizo za homoni, daktari atapima kulingana na historia yake, sio kila mtu zinamfaa.

Kuhusu daktari naomba msome taratibu. Mwenye sukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya sukari, akianza kupunguza chakula na kutembea sana bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka mpaka akaanguka. Wa presha hivyo hivyo, ukipungua uzito, dozi inaweza kuwa kubwa kuliko unavyohitaji, ukisimama kizunguzungu. Usiache dawa mwenyewe, nenda ipimwe upya. Ukipungua bila kujaribu, usishangilie, nenda ukachunguzwe. Ukinenepa huku umechoka kupita kiasi, baridi inakusumbua na choo kigumu, omba wapime tezi ya shingoni. Na damu ikitoka baada ya kukoma hedhi, hata tone, hata mara moja, hiyo usisubiri wiki iishe. Mara nyingi sio jambo baya ila inaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi na ikiwahiwa inatibika. Sisi mtu akiwa na miadi tunamsindikiza, mmoja anaandika maswali kwenye karatasi kabla, maana ukiingia mle ndani unasahau yote unajikuta unasema "sijambo daktari".

Wazo la kusaidiana hivi sio jipya, mnajua? Mwaka 1961 mama mmoja wa nyumbani huko Queens, New York, Jean Nidetch, alikuwa anahangaika na uzito akawaita marafiki zake sebuleni kwake waongee, na kutoka kwenye yale maongezi mwaka 1963 ikazaliwa kampuni ya Weight Watchers. Ikawa biashara kubwa baadaye, lakini mimi kinachonivutia ni ile sebule, wanawake wanaambiana ukweli kuhusu wanachokula kwa kujificha.

Kwenye kuambiana ukweli kuna mipaka lakini. Kwetu hakuna kutoa maoni juu ya mwili wa mtu, hata ya kumsifia, mpaka yeye mwenyewe aanze. Najua mtasema hiyo imezidi. Ila "umependeza ulivyopungua" unaweza kumwambia mtu ambaye amepungua kwa sababu amefiwa na hali chakula. Na mwingine akisikia sifa wiki hii, wiki ijayo akirudisha kilo mbili haji, anaona aibu kuonekana. Anayetumia zile sindano za kupunguza uzito naye asisimangwe kwamba amepita njia ya mkato, ni dawa, amepewa na daktari wake. Ajue tu kwamba wengi wakiacha uzito unarudi sehemu kubwa, na kwamba misuli inapotea pamoja na mafuta, kwa hiyo viti na kusukuma ukuta vinamhusu kuliko hata sisi.

Mwenzenu akiacha kuja, mfuateni, lakini msimfuate kwa habari ya uzito. Mara nyingi kuna kitu, mume anaumwa, mtoto kapoteza kazi, au amechoka tu na roho imeinama. Nendeni mkae naye, kama kuna vyombo osheni, mkiona hali chakula, hana raha wiki kwa wiki, mshaurini aonane na daktari kwa hilo pia. Atarudi mwenyewe siku akiwa tayari. Asiporudi kwenye mazoezi bado ni mwenzenu.

Naulizwa kila mara mtaanzaje. Wawili wanatosha. Msianze na mizani wala na orodha ya vyakula, kaeni kila mmoja amwambie mwenzake wiki yake ikoje, jumatatu hadi jumapili, nani anamtegemea na saa ngapi, alafu tafuteni saa mbili tu ndani ya hiyo wiki ambazo mmoja anaweza kumpa mwenzake. Mkishazipata ziandikeni, maana zisipoandikwa ndugu watazichukua.