Kwanza saa ya chakula, mabwawa baadaye: familia kwenye meli ya Karibi

Kabla hujawaambia watoto kwamba melini kuna bwawa na mabomba ya kutelezea majini, amua mtakula chakula cha jioni saa ngapi. Kwenye meli nyingi zinazozunguka Karibi kutoka bandari za Marekani kama Miami, Port Canaveral au huku kwetu Galveston, Texas, ukumbi mkuu wa chakula una awamu mbili: ya mapema, kwenye saa 11:30 jioni, na ya pili, kwenye saa 2 usiku au kupita kidogo. Kampuni nyingi zimeongeza na ya tatu, ya kuingia wakati wowote mnaotaka. Awamu ya mapema ndiyo hujaa kwanza kwa sababu kila mwenye watoto wadogo anaitaka. Ichague siku ile ile unapolipia chumba.

Naishikilia saa hii kwa sababu ndiyo inayopanga mengine yote. Maonyesho ya jioni hupigwa mara mbili ili wa awamu ya kwanza wayaone wakishakula na wa pili wayaone kabla. Klabu za watoto kwenye meli nyingi hufunga kwa muda wakati wa mlo. Hata bwawa lina saa zake: watu wanapokwenda kuoga na kuvaa, foleni ya mabomba huyeyuka ghafla. Mwenye kula mapema akimaliza bado ana jioni nzima mbele yake. Mwenye mtoto wa miaka minne aliyechagua awamu ya pili atambeba mtoto aliyelala kabla nyama haijafika mezani.

Ile ya kuingia wakati wowote siipendi kwa familia, ingawa watu wazima wawili itawafaa sana. Kila siku mtabishana twende sasa au baadaye, na kila usiku mtapewa mhudumu mwingine. Saa maalumu inakupa meza yako na wahudumu wako wale wale safari nzima, na hiyo ndiyo raha ya ukumbi mkuu. Usiku wa pili tu mhudumu ameshajua nani hagusi mchuzi na nani anataka maji yasiyo na barafu. Kampuni ya Disney wana mtindo wao: kila usiku familia inahamia mgahawa mwingine, na wahudumu wanahama nayo.

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Tanga tukaenda naye. Siku ya kwanza alikula mkate, ndizi na chai, akasema chakula cha humu kizuri kwa macho. Jioni yake nikamwomba mhudumu wetu, kijana wa Kihindi, amwite mkuu wake. Akaja, akainama, akauliza, "Mama, unapenda pilipili?" Kesho yake yakaletwa mezani dengu, wali wa jira na chapati za moto, na ikawa hivyo mpaka tunashuka. Wahudumu na wapishi wa meli hizi wengi wanatoka India, Indonesia na Ufilipino, na jikoni vyakula vya Kihindi visivyo na nyama hupikwa karibu kila siku hata kama kwenye menyu havionekani. Sisi wa pwani tuliokulia kwenye maandazi, biriani na samaki wa nazi hatuna sababu ya kula viazi vya kuponda usiku saba. Omba. Ila omba usiku wa leo kwa ajili ya kesho, maana jiko linalolisha maelfu ya watu haligeuki kwa dakika kumi.

Sasa suala la halali, kwa sababu ndilo ninaloulizwa zaidi. Usikate tiketi ukidhani utakuta nyama ya halali mezani. Mara nyingi haipo, au ipo kwa wachache waliotoa taarifa mapema. Andika ombi lako kwa kampuni angalau siku 45 kabla ya safari, na jibu lao ulihifadhi. Shehena ya meli hupakiwa bandarini siku ya kuondoka, na kisichopakiwa hakipatikani tena. Zipo kampuni zinazoleta milo ya kosher, yaani ya sheria ya Kiyahudi, iliyofungwa tayari, na wapo Waislamu wanaoikubali. Hilo kamuulize shehe wako, mimi si wa kutoa fatwa. Sisi hula samaki, mayai, dengu na mboga, na sijaona aliyekonda. Kwa watoto chunga jelatini kwenye peremende laini na vitindamlo vya kutikisika, vipande vya nguruwe vinavyonyunyizwa juu ya saladi na viazi, na baga zinazochomwa kwenye bamba moja na nguruwe. Supu na michuzi mizito uliza kama vimetiwa mvinyo. Wahudumu hawachukii kuulizwa, na wengi wa Indonesia ni Waislamu, kwa hiyo watakujibu hata kabla hujamaliza swali.

Ukumbi mkuu hufunguliwa pia asubuhi, na siku meli ikiwa baharini kutwa mara nyingi hutoa chakula cha mchana. Wengi hawajui, wanapanda wote kwenye bafe kugombea mayai. Chini huku unakaa, unaletewa, na kelele ni nusu.

Bafe yenyewe nina mawili ya kusema. Mchana wa kwanza, mara tu abiria wakipanda, karibu meli nzima hukimbilia huko, kwa sababu vyumba havijafunguliwa na ndipo njia inapowapeleka. Tafuta vibanda vingine visivyo na malipo. Kampuni ya Carnival wana baga na vyakula vya Kimeksiko karibu na bwawa, na Royal Caribbean kwenye meli kubwa wana mikahawa midogo ya sandwichi na saladi. La pili ni mikono. Ugonjwa wa kutapika na kuharisha unaosumbua meli hizi ni norovirus, na ile dawa ya kupaka yenye spiriti haiuui vizuri. Sabuni na maji, kila mara, hata kama mlangoni yupo mtu anayewapulizia watoto dawa na kuwaimbia. Kwa wenye wasiwasi, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, hukagua usafi wa meli zinazotia nanga bandari zake na kutangaza alama zake kwa umma. Alama ni kati ya 100, na 85 kushuka chini ni kufeli. Mimi hutazama meli yetu kabla ya kulipa.

Chakula mmelipia, vinywaji kwa sehemu kubwa hamjalipia. Maji, chai, kahawa ya kawaida, maji ya limau na juisi ya asubuhi ni bure. Soda kwenye kampuni nyingi ni ya kununua, isipokuwa Disney, ambao hutoa mezani bila malipo. Kadi ya mtoto ya kufungulia chumba ndiyo hiyo hiyo inayolipia. Nenda mapokezi siku ya kwanza uombe kadi za watoto zizuiwe kununua chochote, la sivyo vyumba vya michezo ya video vitatafuna hela yako bila wewe kujua. Bakshishi nayo iweke kwenye hesabu mapema: kampuni kubwa hukata takriban dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, na mtoto ni mtu, ingawa wachanga husamehewa kwenye baadhi ya meli. Familia ya watu watano kwa usiku saba inapita dola 550 hata kabla ya kununua kofia. Mikahawa ya kulipia hatuendi na watoto. Wao wanataka tambi zile zile zilizoko bure ghorofa ya chini.

Usiku wa kuvaa rasmi usiuogope. Safari fupi huwa na mmoja, za wiki moja kwa kawaida mbili. Kanzu safi na koti vinatosha kabisa, na shemeji zangu wenye suti walipigwa picha chache kuliko mwenye kanzu. Mama mkwe alitoka na dera la hariri na ushungi wake, wapiga picha wa meli wakamfuata mpaka kwenye lifti. Picha hizo zinauzwa, na bei yake si ya huruma, kwa hiyo piga za simu pia.

Kuhusu michezo, pima urefu wa watoto nyumbani kabla ya kuahidi chochote. Kwenye mawimbi ya bandia ya meli za Royal Caribbean, anayelala juu ya ubao awe na sentimita 132, na anayesimama awe na 147. Mabomba ya kuteleza nayo yana vipimo vyake, tofauti kwa kila meli, na anayepima pale mlangoni habembelezwi. Bora mtoto alie sebuleni kwako mwezi mmoja kabla, atakuwa amesahau. Pakia soksi ndefu na suruali ndefu kwa ajili ya kuteleza kwenye barafu, kama meli yenu ina kiwanja chake. Watoto waliolelewa Houston wanadhani soksi ni za shule tu. Ukuta wa kupanda na mawimbi vinahitaji karatasi ya ridhaa yenye saini ya mzazi. Malizeni hiyo mapema, tena mzazi mwenyewe, si shangazi.

Mwenye mtoto wa nepi asikie hili vizuri: haruhusiwi kuingia kwenye mabwawa, hata kwa nepi za kuogelea. Ni kanuni ya afya ya Marekani, si ukorofi wa mlinzi. Baadhi ya meli zina eneo dogo la maji ya kurukaruka kwa ajili yao, zingine hazina. Na si kila meli ina waokoaji bwawani. Hata pale walipo, mtu mzima mmoja wa familia awe hana simu mkononi. Tupeane zamu, nusu saa nusu saa.

Klabu za watoto ni bure mchana na jioni ya mapema, na huanza kupokea kwenye umri wa miaka mitatu, Carnival miwili. Wanaopokea kuanzia mitatu hutaka mtoto awe ameshaacha nepi. Kadiri usiku unavyokwenda, kwa kawaida kuanzia saa 4, wanaanza kutoza kwa saa. Mtoto anayelia kuachwa usimsukume. Mpeleke siku ya kwanza kwenye saa ya wazi, wazazi wanapoingia nao, akaone vitu vya kuchezea. Aliyeshika uhusiano na mwenzake mmoja siku hiyo hutamuona tena mpaka njaa. Vijana wa miaka kumi na miwili kwenda juu ni jambo jingine: wana klabu zao na wanaingia na kutoka wenyewe. Sheria yangu kwao ni moja. Zurura utakavyo, lakini saa 11:30 uwe mezani umeoga. Ndiyo maana nikasema saa ya chakula ndiyo kigingi, na wao ndio inayowashika zaidi.

Siku ambayo meli imetia nanga Cozumel, kisiwa cha Mexico, au Nassau kule Bahamas, fikirini kubaki. Watu wengi hushuka, na meli inakuwa yenu: mabomba bila foleni, bwawa lenye nafasi, ukuta wa kupanda mara mbili mfululizo. Sisemi msishuke kabisa. Bahari ya Cozumel ni ya kuonwa. Lakini safari yenye bandari tatu haikulazimishi kutembeza watoto juani mara tatu, na kwa bibi mwenye maumivu ya magoti ni neema.

Ukubwa wa meli usikuzuzue. Icon of the Seas, meli ya Royal Caribbean iliyoanza safari Januari 2024, ina sitaha 20, mabwawa 7 na mabomba 6 ya kuteleza, na vijana wangu wanaijua kama wanavyojua timu zao za mpira. Kwa mwenye watoto chini ya miaka sita, naona ni hela inayotupwa. Atatumia bwawa moja, klabu moja na aiskrimu ya mashine, ambavyo meli ya zamani inavyo kwa bei ya chini sana, na kutoka chumbani hadi kwenye chakula si mwendo wa kumbeba mtu. Mkichukua meli kubwa, wekeni nafasi za maonyesho kwenye programu ya simu mara tu inaporuhusu, yale yanayofuata saa yenu ya kula na si kinyume chake.

Siku ya kupanda masanduku yanachukuliwa bandarini na kufika mlangoni jioni. Nguo za kuogelea, dawa na nguo moja ya kulia chakula viwe kwenye begi la mkononi, watoto waingie majini wakati wengine bado wanasubiri mizigo. Usiku wa mwisho ni kinyume chake: masanduku yanatolewa nje ya mlango kabla ya kulala, kwa hiyo bakizeni chumbani viatu na nguo za asubuhi. Wapo wanaoshuka kwa kandambili na pajama.