Wasomaji wanauliza: "Eti babu yako alitoka wapi?"

Safari hii barua karibu zote ni za kabila na uraia, nadhani ni sababu tarehe 9 Oktoba, sikukuu ya uhuru wa Uganda, inakaribia na vijana wameshaanza kuuza vibendera kwenye jamu za Kampala. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimekaa nayo sana kwa hiyo mkiona nimeirefusha mnivumilie.

*Mjomba shikamoo. Mimi ni Mnubi, nimezaliwa Bombo, baba kazaliwa Bombo, babu pia. Kila nikifuata kitambulisho au paspoti lazima niulizwe "nyinyi si watu wa Sudan?" Juzi karani kaniambia nilete barua ya mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) na nyingine ya mzee wa ukoo, wakati wenzangu kwenye foleni ileile hawakuombwa kitu. Alafu Oktoba natakiwa nivae rangi za bendera nishangilie. Nishangilie nini?* – Binti wa Bombo

Marahaba binti yangu, na pole. Tuanze na sheria manake hapo huna deni na mtu. Katiba ya 1995 ina jedwali la tatu, limeorodhesha jamii zote zinazohesabiwa kuwa za asili ya Uganda, mwanzo zilikuwa 56, mwaka 2005 wakaongeza zikafika 65. Wanubi wamo tangu ile orodha ya kwanza, hamkuongezwa baadaye kwa huruma ya mtu. Kigezo chenyewe ni kwamba jamii iwe ilikuwa inaishi ndani ya mipaka ya Uganda ilipofika 1 Februari 1926, na hiyo tarehe haikushuka kutoka mbinguni, ni mwaka ambao Waingereza walichora upya mpaka wetu na Kenya, upande wote wa Turkana ukahamia kule. Sasa nyinyi, yule afisa Mwingereza Lugard aliwachukua wazee wenu, wale askari Wasudani waliobaki wa gavana Emin Pasha, kule karibu na Ziwa Albert mwaka 1891. Piga hesabu mwenyewe. Mpaka wa Uganda tunaoujua leo umewakuta mmeshazika na kuzaa hapa.

Najua lakini karani hajakuuliza kwa sababu hajui sheria. Anauliza sababu kichwani mwake Mnubi na yule rais dikteta Idi Amin ni kitu kimoja, ingawa Amin mwenyewe alikuwa Mkakwa, na alipoanguka 1979 familia nyingi za Kinubi zilikimbilia Sudan na Zaire hata zile ambazo hazijawahi kushika bunduki, waliporudi wengine wakakuta nyumba zina wenyewe wapya. Hayo hayajasahaulika kwenu na kwa wale walioteswa na utawala ule pia hayajasahaulika, na mimi siwezi kumwambia yeyote kati yenu asahau. Ila huyo karani ni kijana, wala Amin hakumkuta. Amerithi swali tu.

Kwa hiyo nishangilie nini, unauliza. Mimi sioni kama ni lazima ushangilie. Kuna watu wanadhani anayeipenda nchi ni yule anayenyamaza na kupunga bendera, mimi naona mgeni ndiye hulalamika kimoyomoyo, mwenye nyumba anauliza kwa sauti mbona mlango umefungwa. Kwa hiyo rudi pale pale. Weka hilo jedwali kwenye simu yako, mwombe karani akuonyeshe ni kanuni gani inayotaka barua ya mzee wa ukoo, na mwombe aandike sababu ya kukukatalia, utaona sauti inavyobadilika wakiambiwa waandike. Akiendelea kukuzungusha nenda Tume ya Haki za Binadamu, kifungu cha 21 cha Katiba kinakataza kumbagua mtu kwa kabila lake na hawahitaji uwe na wakili ndo wakusikilize. Na siku hiyo ya uhuru ukitaka kutoka, toka na gurbaba yako, lile vazi la Kinubi.

*Mjomba, naendesha boda Jinja. Kuna Mhindi mwenye duka hapa, kazaliwa hapahapa, Lusoga anaongea kunishinda, lakini akisema "sisi watu wa Jinja" roho yangu inagoma. Nina ubaya?* – Boda wa Jinja

Kaka, huo mgomo hukuuanzisha wewe. Wakati wa ukoloni mitambo ya kuchambua pamba na biashara kubwa vilikuwa mikononi mwa Wahindi, Mwafrika analima anaambiwa bei, na hasira hiyo Amin akaikuta tayari, Agosti 1972 akawapa siku 90 waondoke. Watu walicheza barabarani. Alafu maduka wakagawiwa wanajeshi na marafiki zao, baada ya muda rafu tupu, sukari ikawa ya kupanga foleni, huko Jinja kwenye miwa yote hiyo! Waulize wazee wa stejini kwenu.

Na hebu tazama vitu tunavyojivunia. Gomesi, lile gauni la kina mama linalovaliwa kwenye kila harusi ya Kibaganda na Kisoga, lilishonwa kwanza na fundi wa Goa, India, mwanzoni mwa karne iliyopita, na rolex unayokula asubuhi, mayai ndani ya chapati, hiyo chapati yake unajua ilikotoka. Wahindi hawamo kwenye lile jedwali nililomwambia binti wa Bombo, wamekuwa wakiomba waingizwe na ni Bunge la kuamua, ila wengi ni raia kwa njia nyingine zilizo halali. Kama huyo mwenye duka analipa vijana wake vibaya mshike kwa mshahara, hapo niko na wewe kabisa. Kwa kuzaliwa Jinja huna cha kumshika.

*Mjomba kwenye grupu ya wasapu ya wazazi wa shule siasa ikianza tu ni matusi ya kikabila, wa magharibi wezi, wa kaskazini washamba, alafu mkimbiaji wetu Cheptegei akishinda wote wanapost bendera. Nitoke?* – Mama watatu, Mbale

Dada, bendera ya siku ya medali usiitegemee. Septemba 1972 Akii-Bua, Mlangi wa kaskazini, alichukua dhahabu ya Olimpiki Munich kwenye mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, nchi nzima ikaruka, na toka mwaka uliotangulia askari Walangi na Waacholi walikuwa wanauliwa kambini na watu wa Amin. Shangwe na kisu vilikaa nyumba moja.

Usitoke, utawaachia grupu wenye mdomo. Mwandikie admini pembeni, mwambie kuchochea chuki ya kikabila ni kosa la jinai na yeye ndo anaonekana jina lake juu pale, apige marufuku siasa na afute zile sauti ndefu za usiku. Anayetukana mjibu mara moja tu, kwa jina lake, mchana watu wakiwa macho. Kisha uliza ada ya muhula imeongezwa kwa nini, manake nahisi hilo hakuna aliyeligusa.