Alishonwa nyuzi akarudishwa nyumbani, sasa anasahau: asaini malipo ya bima?

Swali: Shikamoo wakili. Kaka yangu ni fundi umeme hapa Morogoro. Miezi miwili iliyopita alikuwa abiria wa bodaboda iliyogongwa na daladala. Alizimia kidogo. Hospitali walimpiga eksirei ya kichwa, wakamshona na kumruhusu siku hiyohiyo. Kidonda kimepona, lakini si yule tuliyemjua: anasahau, anafoka kwa jambo dogo, kichwa kinamuuma kila jioni, na juzi amechanganya nyaya kwa mteja. Sasa bima ya daladala wanataka asaini karatasi, wamrudishie gharama za matibabu na mambo yaishe. Asaini?

Jibu: Marahaba, dada. Pole kwa kuuguza. Asisaini. Na kabla ya kutafuta wakili, mrudisheni hospitali, tena msingoje mwisho wa mwezi.

Mimi si daktari, ila kesi za ajali humlazimisha wakili kusoma mafaili mengi ya hospitali. Eksirei huonyesha mfupa, ubongo hauonekani. Fuvu laweza kuwa zima huku damu ikijikusanya polepole chini ya utando wa ubongo, dalili zikajitokeza wiki kadhaa baadaye, hasa kwa wazee, wanywaji wa pombe na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kipimo cha kuiona damu hiyo ni CT-scan. Akianza kutapika mara kwa mara, akipata degedege, akilegea upande mmoja, akisinzia hata kuamka ni shida, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, hiyo ni dharura ya usiku huohuo. Na kazi ya umeme aiache mpaka daktari amruhusu.

Mtu anayeishi naye aingie pamoja naye kwa daktari. Mgonjwa wa namna hii akiulizwa husema "niko sawa tu", wala hadanganyi. Mara nyingi mabadiliko yake mwenyewe hayaoni. Semeni kwamba alizimia, kwa muda gani, na nani alimwona. Hakikisheni daktari anayaandika.

Hata CT-scan ikitoka safi, msikubali kuambiwa anaigiza. Madhara kwenye nyuzi ndogo za ubongo mara nyingi hayaonekani kwenye picha hiyo. Ombeni rufaa kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili wanashughulika na majeraha haya. Katika faili la siku ya ajali huenda mkakuta alama kati ya 3 na 15, inayopima jinsi majeruhi anavyofumbua macho, kusema na kujongea. Kuanzia 13 jeraha huhesabiwa kuwa dogo, na upande wa bima watalishikilia hilo. Mjibuni kwamba alama hiyo inaeleza hali yake siku ile, haielezi kama leo anaweza kufunga meinswichi bila kusimamiwa.

Hapo ndipo kesi yenu itakapobanwa. Kwamba daladala iliwagonga huenda hakuna atakayebisha. Ubishi utakuwa kama kusahau kwa leo kumetokana na ajali ile, na miezi miwili bila karatasi yoyote ya hospitali ni pengo ambalo wakili wa bima atalichimba. Anzeni leo daftari lenye tarehe: amesahau nini, amelala saa ngapi, kazi gani imemshinda. Yule mteja aliyechanganyiwa nyaya ni shahidi mzuri kuliko mama yenu. Kipato cha fundi asiye na ajira rasmi huthibitishwa kwa miamala ya simu, risiti na wateja wake wa zamani. Gharama za matibabu na nauli zinataka stakabadhi. Fidia ya jumla, yaani ya maumivu na uwezo uliopotea, hupimwa na mahakama, na ndiyo hasa anayoweza kuipoteza akisaini leo.

Polisi chukueni nakala ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa magari. Dereva akishtakiwa na kutozwa faini, kaka yako halipwi kwa hilo. Madai ya fidia ni kesi nyingine, ingawa hukumu ya kumtia dereva hatiani itawasaidia sana. Tanzania Bara madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Msijiliwaze kwamba ni mingi, maana taarifa ya kesi kwa kampuni ya bima ina muda wake mfupi. Kama hakuvaa kofia ngumu, semeni ukweli: fidia yaweza kupungua, haki ya kudai haifutiki.

Kuhusu wakili, jihadharini na vishoka wanaozunguka wodini wakiahidi mamilioni. Jina lake litazameni kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, na makubaliano ya malipo yawe ya maandishi. Msipokuwa na uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawaruhusu kuomba huduma ya bure kwa watoa msaada waliosajiliwa; ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Ile karatasi ya bima ichukueni, ipigeni nakala, mwende nayo kwa wakili bila sahihi.