Nilirekodi video 14 za kumfundisha mrithi wangu, na bado niko kazini

Juzi usiku kijana mmoja wa Iringa alinitumia ujumbe. "Shikamoo kaka. Kazi za kitengo chetu zinahamishiwa India, na kila mtu ameambiwa arekodi video akionyesha anavyofanya kazi yake. Nirekodi au nisirekodi?"

Nilikuwa kwenye bajaji hapa Mbeya, natoka Kabwe kwenda nyumbani. Nikamwomba dereva apunguze muziki, nikausoma tena. Mdogo wangu, hizo video nazijua. Mimi nilirekodi 14, na ya kumi na nne naionea aibu mpaka leo.

Ilikuwa 2019. Kampuni siitaji, bado inanilipa. Tunakopesha wakulima na wafanyabiashara wadogo, matawi yako Mbeya mjini, Vwawa, Tunduma, Kyela na Makambako. Kitengo cha TEHAMA tulikuwa watu 6 chumba kimoja, dirisha linatazama mlima Loleza, birika la chai halipoi kuanzia Mei hadi Agosti. Bosi alishuka uwanja wa Songwe na ndege ya asubuhi. (Bosi akija na ndege ya asubuhi na tiketi ya kurudi jioni, ujue hakuja kusalimia.) Neno kupunguza hakulitamka hata mara moja. Alisema mpito. Alisema ufanisi. Alisema sasa tutapata nafasi ya kufanya mambo makubwa zaidi, kazi ndogondogo zitafanyika Hyderabad, India. Mwenzetu wa kanzidata aliyekaa kushoto kwangu akaandika kwenye kidaftari chake: kibarua kimeota nyasi. Akanisogezea nisome. Nikacheka. Nilidhani anazungumzia chake.

Maana mimi nilijiona nguzo. Programu inayopokea marejesho ya wakopaji kutoka mitandao ya simu niliiandika mimi, na kila ikigoma usiku nilipigiwa mimi. Nikasema moyoni, hawa watamgusa nani wamwache nani, lakini mimi watanifuata wapi.

Sasa niungame. Video 13 nilizirekodi vizuri. Ya mwisho, ya namna ya kulinganisha miamala ya siku nzima na vitabu vyetu, niliiruka katikati kwa makusudi. Palikuwa na skripti moja, yaani programu fupi ya mistari kama 200, ndiyo iliyokuwa ikinyoosha makosa yote usiku. Nikaifuta maelezo, nikaipa jina la ovyo, nikaificha kwenye folda la picha za sherehe ya mwisho wa mwaka. Hesabu yangu ilikuwa kwamba watakwama, watapiga simu, na bosi ataona thamani yangu.

Hawakukwama. Dada mmoja wa Hyderabad, ambaye hatujawahi kuonana, aliipata mchana mmoja tu. Akaiandika upya ikawa fupi na ya haraka kuliko yangu, kisha akaniandikia: tumeipata, asante. Hakuuliza ilikuwa inafanya nini katikati ya picha za watu wanakata keki. Afadhali angeuliza.

Pale ofisini tulikuwa tunajifariji kwamba wale hawajui kazi, watavuruga, na baada ya miezi mitatu kampuni itaturudia kwa magoti. Usijidanganye hivyo. Kampuni zao kubwa za kazi za kompyuta hazikuanza jana: TCS ilianzishwa 1968, Infosys 1981. Mimi nimezaliwa 1988. Wenzetu wamekuwa wakifanya kazi za watu wa mbali tangu kabla sijajua kushika penseli. Na sisi wenyewe tulishangilia njia hiyo ikifunguliwa. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009 nilikuwa mwanafunzi hapa Mbeya, chuo cha sayansi na teknolojia kikiitwa MIST, kabla hakijawa chuo kikuu, MUST. Tulikaa bwenini tukipanga namna tutakavyofanya kazi za Wazungu tukiwa hapahapa Iyunga. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba barabara inayoleta ndiyo hiyohiyo inayopeleka.

Kilichoniokoa hakikuwa cheti. Nilikuwa navyo viwili na hakuna aliyeviulizia. Kiliniokoa Kyela, tena kwa bahati tu, ingawa nikisimulia kwenye vikao huwa nasema nilipanga.

Juni 2020, mpunga unavunwa, marejesho yanaingia kwa wingi. Timu ya Hyderabad ikaweka sharti jipya kwenye mfumo: jina la anayetuma pesa lilingane na jina la mkopaji, kama sivyo muamala unawekwa pembeni hadi uhakikiwe. Kwa kuzuia wizi, ni sharti zuri kabisa, hata mimi nisingelipinga. Lakini kumbuka mwaka ulianzaje. Januari 20 ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kusajili laini kwa alama za vidole, na bila namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, huwezi kusajili laini. Vijijini wengi hawakuwa na namba hiyo. Wakafanya nini? Mama akawa anatumia laini ya jina la mwanawe. Mzee akawa anatumia ya mkwewe. Kuna kikundi kizima cha akina mama 20 walikuwa wanapitisha marejesho yao kwenye simu ya katibu. Majina hayalingani hata kwa mbali.

Basi pesa imelipwa, mfumo unasema haijalipwa. Afisa mikopo anapewa orodha ya wadaiwa sugu, anakwenda kukamata pikipiki ya mtu mwenye ujumbe wa malipo kwenye simu. Kwenye skrini za Hyderabad kila kitu kilikuwa kijani. Sharti linafanya kazi kama lilivyoandikwa.

Nilipanda Coaster ya Kyela asubuhi na sweta, nikalivua tulipopita Tukuyu tukianza kuteremka, na kule chini nikajuta kuvaa hata viatu vya kufunika. Meneja wangu alinipa ruhusa ya siku moja. Nilikaa siku mbili. Nilikaa kwenye benchi la wateja, siyo ofisini, na kaunta buku. Kila aliyekuja kulalamika nilimwuliza mambo matatu: umelipa kwa simu ya nani, kwa nini hiyo, na mwezi ujao utalipa kwa ipi. Bibi mmoja alinijibu kwa ukali, "Mwanangu, pesa ni yangu, simu ya nani yakuhusu nini?" Nikaliandika hilo nalo. Hadi jioni ya siku ya pili nilikuwa na watu 61, na mipango yao yote ya kulipiana ilikuwa ya aina 4 tu.

Usiku huo nikaandika kurasa mbili, Kiingereza changu cha Mbeya, nikaeleza zile aina 4 na namna mfumo unavyoweza kuzitambua bila kumfungulia mwizi mlango. Yule dada wa skripti ndiye aliyejibu. Ndani ya wiki sharti likarekebishwa. Akaniuliza: je, Tunduma wanalipaje? Nikamwambia nipe wiki moja.

Hapo ndipo kazi yangu ilipobadilika, kabla cheo hakijabadilika. Orodha ya wanaobaki na wanaotoka ilipotoka, kati ya watu 6 tulibaki 2. Mimi, na fundi wa mtandao, ambaye hakuhangaika na lolote muda wote ule kwa sababu, kwa maneno yake, mnara wa tawi la Vwawa haupandwi kutoka India.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: toka ofisini. Nenda tawini, nenda ghalani, nenda kakae na wanaotumia kitu ulichotengeneza. Wanaochukua kazi yako wanaweza kusoma kila mstari ulioandika, lakini benchi la Kyela hawawezi kulikalia. Wa pili ni huohuo, ila uandike. Ukienda usipoandika umekwenda kutembea. Mkubwa wako hawezi kukutetea kikaoni kwa jambo lililo kichwani mwako.

Halafu zijue saa zenu. India wako mbele yetu kwa saa 2 na nusu. Kwetu ikigonga saa 10 jioni kwao ni saa 12 na nusu, watu wanafunga. Na mkulima analipa jioni, akishauza. Hayo masaa ya jioni niliomba niyashike mimi, watu wakaniona mjinga kuomba kazi ya usiku. Acha waone.

Sheria nayo uisome, tena mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Majina, namba za simu na madeni ya wakulima wetu yote yalikuwa yanasafiri kila usiku. Niliichapisha, nikapigia mistari, nikampelekea bosi kabla mtu wa makao makuu hajaisikia. Leo mambo yote ya kampuni na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi yanapitia mezani kwangu. Ndiyo, najisifu. Nimeyafanyia kazi.

Lakini kuna sheria nyingine niliichelewa, na hii ndiyo inayonifanya nisiandike makala hii kwa furaha. Yule mwenzangu wa kidaftari alikuwa na miaka 9 kazini. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri hapunguzi watu kimyakimya. Anatoa taarifa, anaeleza sababu, anashauriana na wafanyakazi. Na akikuachisha, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwake zingekuwa siku 63. Walimwita, wakampa soda, wakamshauri aandike barua ya kuacha kazi mwenyewe ili apate barua nzuri ya utambulisho. Akaandika. Aliyejiuzulu hana kiinua mgongo cha kudai, maana hakuachishwa na mtu.

Alikuja kwangu miezi mitatu baadaye, amechelewa. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku ile ya soda nilikuwa najua anaitwa. Nilimwona akiingia, nilimwona akitoka na barua nzuri, na sikusema kitu kwa sababu jina langu lilikuwa upande mzuri wa orodha na niliogopa lisihamishwe. Sasa anauza chaja na kava za simu sokoni Mwanjelwa. Nikipita ananiita meneja. Sijawahi kuwa meneja, na yeye anajua.

Kwa hiyo vijana, tusidanganyane. Ukibaki, usikae kimya wenzako wanapotolewa. Mwambie mwenzako asisaini kitu siku hiyohiyo. Mwambie aende nacho nyumbani, alale nacho, amwonyeshe mtu anayejua. Hakuna barua isiyoweza kusubiri mpaka kesho, na anayekuambia haiwezi kusubiri ndiye wa kuogopwa zaidi.

Sasa mdogo wangu wa Iringa, jibu lako. Rekodi. Rekodi zote, hata ya mwisho, usiache mstari. Mimi niliacha na nimekwisha kukueleza aibu yangu. Lakini wiki hii omba ruhusa uende Mafinga, ukakae na makarani wa mbao wanaotumia mfumo wenu, na usiniambie unajua wanavyoutumia. Ukirudi uandike.

Jumamosi napita Iringa, nina msiba. Nitashuka stendi ya Igumbilo kama saa 6 mchana, tunaweza kupata chai kabla sijaendelea. Uje na mkataba wako wa kazi, karatasi yenyewe, siyo picha ya simu.