Insha ya Teknolojia na Utamaduni: punguza mada hivi

Ndugu, umesema mhadhiri amekurudishia pendekezo lako, "Athari za simu kwa utamaduni", kwa kuwa ni pana mno, na hujui upunguze wapi. Ana haki. Chagua kitu kimoja, kundi moja na tendo moja. Mfano, ujumbe wa sauti kati ya bibi na wajukuu. Kwa siku 7 andika nani katuma, saa ngapi, na kwa nini hakupiga. Kisha hoji watu 3 au 4, ukiomba ridhaa kwanza.

Tatizo kubwa ni hilo neno "athari". Linakusukuma useme teknolojia inatenda, watu wanapokea tu. Uliza badala yake watu wameitumiaje, wameigeuzaje. Tazama mpangilio wa herufi wa QWERTY, yaani ule wa kibodi ambao safu yake ya juu ya herufi huanza na Q, W, E, R, T, Y: ulianza kwenye taipureta za miaka ya 1870, na leo uko kwenye kioo cha simu, ambako hakuna chuma kinachogonga karatasi. Kilichoubakiza ni mazoea ya vidole, si mtambo.

Rasimu ya kurasa 2 mpelekee mhadhiri mapema, hata ikiwa mbovu. Akikuta ukurasa mtupu hana pa kukusaidia.