Maswali ya wasomaji: Bendera ilibadilika usiku mmoja, sheria zikabaki zile zile

Toleo lililopita tuligusia maasi ya jeshi la Tanganyika ya Januari 1964, basi maswali yakamiminika, wengine meseji, wengine barua ndefu kabisa. Nimechagua yanayohusu sheria maana hapo ndo watu wengi wanachanganya mambo, na sio kosa lao, shuleni tulikaririshwa tarehe za uhuru na jamhuri na muungano, ila sheria zilizotungwa katikati hapo hakuna aliyetufungulia tukazisoma.

Ndugu mhariri, tulipata uhuru 1961 na JWTZ imeanza 1964. Hapo katikati tulikuwa na jeshi gani na lilifuata sheria ya nani? (Mwalimu wa historia, Morogoro)

Mwalimu, shikamoo, na asante maana hili ndo swali mama. Usiku ule wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 jeshi lilibadilishwa jina tu. Kikosi cha sita cha King's African Rifles, ile KAR ambayo babu zetu walipigania hadi Burma, kikaamka kinaitwa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles, kambi ile ile ya Colito ambayo leo tunaiita Lugalo, na wenzao wa Tabora wakawa kikosi cha pili. Mkuu wa jeshi Mwingereza, brigedia Patrick Sholto Douglas, maofisa wengi mno Waingereza, Waafrika wenye vyeo vya uofisa wa kuhesabu, na utaratibu wa nidhamu ni ule ule wa enzi za KAR.

Na sio jeshi peke yake. Mwaka huo huo 1961 ilitungwa sheria ambayo leo ni Sura ya 358, wanasheria wanaiita JALA, inayosema mahakama zetu zitatumia pia sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Tarehe hiyo ndo Mwingereza alipoweka rasmi msingi wa utawala wake Tanganyika baada ya Mjerumani kutoka. Mimi hapo simlaumu mtu, nchi haiwezi kulala ina sheria ikaamka haina, nani atakusanya ushuru bandarini, kesi ya kiwanja itaamuliwa kwa kitabu kipi, lazima uchukue kilichopo kwanza ndo uanze kurekebisha taratibu. Shida ni kwamba urekebishaji ulienda mbio sehemu nyingine na kambini ukachelewa. Jaribu kujiweka kwenye nafasi ya yule askari wa Colito, akitoka nje ya geti anaona mawaziri Waafrika, wakuu wa mikoa Waafrika, akirudi ndani anampigia saluti ofisa yule yule wa mwaka 1960 na mshahara ni shilingi 105 kwa mwezi.

Usiku wa kuamkia 20 Januari 1964 wakaasi. Wakawakamata maofisa wao, wakashika barabara na sehemu muhimu za jiji, na madai yao yalikuwa mawili ya wazi kabisa, maofisa Wazungu waondoke na mshahara upande ufike shilingi 260. Aliyetoka kuongea nao ni Oscar Kambona, waziri aliyekuwa na dhamana ya mambo ya nje na ulinzi. Siku chache baadae, tarehe 25, makomando wa Uingereza wakashuka Colito kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur na mambo yakaisha asubuhi ile ile. Nyerere hakuficha kwamba kumuita mkoloni wa jana aje kutuliza jeshi lako ni fedheha. Ukisoma hotuba zake za wiki zile unaona kabisa jambo lile lilimuuma.

Jeshi likavunjwa, kiongozi wa maasi sajenti Francis Hingo Ilogi akahukumiwa miaka 15, Wanigeria wakaja kutushikia ulinzi kwa miezi kadhaa, na tarehe 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ. Lakini angalia hapa mwalimu, sheria yenyewe ya jeshi jipya, yani Sheria ya Ulinzi wa Taifa ambayo leo ni Sura ya 192, imetungwa 1966. Miaka mitano baada ya uhuru. Na humo pia kuna kitu wengi hawajui, kuanzia 1965 washauri wa kijeshi wa Kanada walikuwa Dar wakisaidia kulijenga jeshi, na ukiweka sheria yetu pembeni ya ile ya Kanada ya 1950 utaona zimefanana kuanzia jina mpaka mpangilio wa kanuni za nidhamu. Kwa hiyo tulitoka kwa Mwingereza tukaazima kwa Mkanada, ila safari hii tulichagua wenyewe, na kwangu mimi tofauti hiyo ni kubwa sana.

Mimi nauza mitumba, juzi kwenye belo nimekuta jaketi tatu za mabaka kama za jeshi, sio za JWTZ, zina nembo ya nchi nyingine. Naweza kuuza? (Muuzaji, Kahama)

Ndugu yangu usiuze na usivae, zipeleke kituo cha polisi kilicho karibu na uandikishe kwamba umezikuta kwenye belo. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba kwa raia wote wenye sare au nguo zinazofanana na za jeshi wazisalimishe, na waliokuwa wanalengwa hawakuwa wenye sare halisi tu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 178, inamkataza asiye askari kuvaa sare ya majeshi ya Jamhuri bila ruhusa, na inataja pia vazi lenye mwonekano wa sare hiyo, kwa hiyo hoja ya kwamba nembo ni ya nchi nyingine haikusaidii sana kama mabaka yanamfanya mtu barabarani adhani wewe ni mjeshi.

Swali lako limenifurahisha kwa sababu linaonyesha vizuri nilichomwambia mwalimu wa Morogoro. Kanuni ya Adhabu ni sheria ya 1930, ya mkoloni, imerekebishwa mara nyingi ila mifupa yake ni ile ile. Ukikisoma kifungu hicho mpaka chini utakuta kinaruhusu sare kwenye maigizo ya jukwaani na hata kwenye sarakasi. Sarakasi! Aliyeandika alikuwa anafikiria kumbi za burudani za London, wala Kahama hakuijua, na maneno hayo ndo yanakuhusu wewe na belo lako leo.

Kenya na Uganda nao waliasi mwezi ule ule, mbona sisi Kenya hatukuvunja jeshi? (Msomaji, Mombasa)

Kweli, Jinja kule Uganda ilikuwa tarehe 23 Januari na Lanet, pale Nakuru, usiku wa 24 kuamkia 25. Tofauti ya kwanza ni kwamba Kenya ilikuwa na mwezi na kidogo tu tangu uhuru na wanajeshi wa Uingereza walikuwa bado wako nchini, basi Lanet ikazimwa haraka kabla haijasambaa, waasi wakapelekwa mahakama ya kijeshi na jeshi likabaki, Sheria ya Majeshi ikafuata 1968. Halafu Kenya ilikuwa tayari ina vita mkononi, hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki tarehe 25 Desemba 1963, wiki mbili hivi baada ya uhuru, serikali gani itavunja jeshi hapo. Ila msomaji wangu usiishie hapo, mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga na mashtaka watumishi wa serikali na askari kwa yaliyotendwa kule kaskazini kuanzia siku ile ya hali ya hatari. Maana yake familia iliyopoteza mtu au ng'ombe wake wote ikiwa na kesi, mlango umefungwa. Mimi nikisikia watu wanasema Kenya ililimaliza suala la jeshi vizuri kuliko Tanganyika huwa nawaambia wakawaulize wazee wa Garissa na Wajir.

Uganda ndo iliyochukua njia fupi zaidi, waziri Felix Onama alishikiliwa na askari Jinja, mishahara ikapandishwa, maofisa Waafrika wakapandishwa vyeo haraka haraka. Tarehe 25 Januari 1971, miaka saba baadae, jeshi lile likaichukua nchi chini ya Idi Amin.

Mwanangu kamaliza kidato cha sita kaitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Sheria yenyewe ni ipi na je ni kweli wanafunzi wa zamani waliikataa? (Mama, Dodoma)

Mama hongera kwa kijana kumaliza. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, kabla ya maasi, mwanzo ikiwa ya kujitolea na vijana wengi wakitokea kwenye TANU Youth League. Sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa ikaja 1964 na mwaka 1966 serikali ikaleta pendekezo kwamba wasomi wote waende kwa lazima, miaka miwili, miezi mitano kambini na iliyobaki unafanya kazi yako ya kawaida ila unalipwa asilimia 40 tu ya mshahara.

Hapo ndo wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana, tarehe 22 Oktoba 1966, wamevaa majoho yao, wakapokelewa Ikulu na Nyerere mwenyewe. Walikuwa na bango lililosema afadhali ukoloni. Fikiria unambebea bango hilo mtu aliyeuondoa huo ukoloni miaka mitano nyuma. Aliwasikiliza mpaka mwisho, halafu akawajibu kwa hasira, akasema kama shida ni mishahara basi yeye mwenyewe anapunguza wake kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa kwao siku ile. Azimio la Arusha lilikuja Februari iliyofuata, na watu wengi wanaosoma historia wanaona vitu hivi viwili vinahusiana, mimi pia naona hivyo.

Lakini niseme ukweli wangu, hoja ya wanafunzi kuhusu ile asilimia 40 haikuwa ya kipumbavu, mtu katoka kijijini, wazazi wameuza mazao asome, wanamsubiri. Walichokosea ni lile bango. Lazima ile ilisimamishwa 1994 na ikarudi 2013, na safari hii ni miezi michache tu kambini, sio miaka miwili, kwa hiyo mwanao aende tu mama, mnunulie raba nzuri na soksi za kutosha, asome vizuri orodha ya vifaa kwenye tangazo la wito, aripoti kambi aliyopangiwa kwa tarehe iliyoandikwa.

Ni kweli watu waliwekwa kizuizini bila kesi baada ya maasi? Sheria ya kufanya hivyo ilitokana na maasi yenyewe? (Msomaji, Tanga)

Ni kweli waliwekwa, wakiwemo viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi, na shirikisho lao la TFL likavunjwa, badala yake ikaundwa kwa sheria jumuiya moja tu, NUTA, mwaka huo huo 1964. Ila sheria ya kizuizini haikutokana na maasi, na naomba hili lieleweke maana kila siku nasikia watu wanaitetea kwa hoja hiyo. Imetungwa 1962, mwaka mzima na zaidi kabla ya askari yeyote kuasi. Ilimpa Rais uwezo wa kuamuru mtu afungiwe, amri ikiwa na saini yake na muhuri wa taifa, na mahakama zikaambiwa zisiihoji. Kipindi hicho katiba yetu haikuwa na sura ya haki za binadamu kabisa, hiyo tumeipata 1984 na kuanza kuidai mahakamani ni 1988.

Wapo wanaosema nchi ilikuwa changa, maadui wengi, Mreno yuko Msumbiji. Nakubali hatari zilikuwepo. Lakini mtu aliyekaa ndani bila kuambiwa kosa lake, mkewe anazunguka ofisi kwa ofisi akiuliza mume wangu kafanya nini na hakuna hakimu anayeruhusiwa kumjibu, huyo uchanga wa nchi haumsaidii. Tume ya Jaji Nyalali mwaka 1992 iliiweka kwenye ile orodha maarufu ya sheria 40 zinazotakiwa kufutwa au kurekebishwa. Ilikuwa imeshapunguzwa makali kidogo 1985, ila kwenye toleo la sheria zetu la 2002 bado ipo, Sura ya 361. Miaka 40 baada ya kutungwa. Mimi hili linaniuma na nitaendelea kuliandika.

Kaka yangu ni polisi, anaruhusiwa kuwa na kadi ya chama? Baba yetu alikuwa mjeshi na alikuwa nayo. (Dada, Iringa)

Baba yenu alikuwa sahihi kwa wakati wake. Baada ya 1964 askari waliruhusiwa kuingia TANU, ilionekana ndo njia ya kuliunganisha jeshi na wananchi, na iliendelea hivyo mpaka CCM. Vyama vingi viliporudi 1992 mlango ule ukafungwa, na sasa katiba ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote, na inaeleza kabisa kwamba kwa jambo hili mwanajeshi ni wa JWTZ, wa Polisi, wa Magereza na wa JKT. Kupiga kura anaruhusiwa, ibara hiyo hiyo imesema. Kwa hiyo kaka yako ajiandikishe na akapige kura, kadi ya chama kama anayo airudishe.